Tulivyogawana mikorosho, nyumba na madeni baada ya talaka Newala

Kwetu uwandani deni na mavuno haviji wakati mmoja, na hapo ndipo migawanyo mingi inapoharibikia. Kuanzia Mei mpaka Septemba mkulima anatoa tu: palizi, salfa ya ubwiriunga (ukungu wa mikorosho), mafuta ya bomba la kupulizia, ujira wa mpulizaji. Fedha huonekana minada ikianza Oktoba, na malipo ya mwisho huweza kuvuka Januari. Mkigawana Julai, mmoja ataondoka na madeni, mwenzake na korosho. Kwa hiyo mimi na baba watoto tuliweka tarehe ya ukomo mwisho wa Februari, malipo yakishaingia yote na palizi haijaanza. Kilichopatikana au kukopwa kabla ya hapo kilihesabiwa.

Karatasi ya talaka peke yake haigawi mali. Baraza la kata au la BAKWATA (baraza la Waislamu) kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linatoa hati, Fomu Na. 3, na shauri linatakiwa lifunguliwe kabla hati hiyo haijafikisha miezi sita. Ikipita, unarudi barazani. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kutosha. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama iangalie mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Dada zangu wengi bado wanaambiwa kupika na kulea si mchango. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo mwaka 1983 katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango.

Kazi ngumu ilikuwa mashamba. Kwa mila zetu za Kimakonde ardhi hufuata ukoo wa mama, na mwanamume huweza kupanda mikorosho kwenye ardhi ambayo haitakuwa yake. Wajomba watasema "shamba ni la ukoo, aondoke", yeye atasema "miti ni yangu." Kila upande una haki kwa sehemu tu. Mali ya mmoja iliyoboreshwa sana kwa juhudi za wote wakati wa ndoa huingia kwenye hesabu, hivyo tulitenga ardhi na miti. Ardhi ya ukoo haikuguswa. Miti yake ilihesabiwa.

Tena tuliigawa kwa kilo, si kwa idadi. Shamba la ukoo lilikuwa na mikorosho 38, mingi mikongwe. Shamba tulilonunua lilikuwa na 46 iliyo kwenye nguvu zake. Stakabadhi za mauzo za misimu mitatu zilitupa wastani wa kilo 610 kwa msimu, na msimu wa mwisho tulipima kila shamba kivyake ili kujua uwiano: 190 shamba la ukoo, 420 la kununua. Tungegawana miti 42 kwa 42, mwenye mikongwe angepunjwa. Nusu ya 610 ni 305. Nikabaki na shamba la ukoo, nikaongezewa miti 13 ya shamba la kununua, ambayo kwa wastani wa kilo 9 na kidogo kwa mti inatoa kilo 118 hivi. Yeye alibaki na 33. Kila mti ulipigwa rangi mbele ya majirani wa mpakani na mwenyekiti wa kitongoji. Msihesabu miti wakati wa mavuno, maana mti uliobeba humdanganya kila mtu.

Madeni tuliyaandika kwenye daftari: tarehe, mdai, kiasi, fedha ilifanya nini, nani alishuhudia. Safu ya nne ndiyo inayoamua. VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) Sh 1,200,000 ilinunua bati na kujenga tangi la maji ya mvua: ya wote, ingawa jina lilikuwa langu. Kangomba (fedha unayopewa mapema kwa ahadi ya korosho) ya 700,000 aliichukua yeye. Risiti zilionyesha 300,000 ililipa ada, hiyo ikawa ya wote. Iliyobaki 400,000 haikuwa na maelezo, ikawa yake. Nawaomba sana mlikumbuke hili: mdai hafungwi na makubaliano yenu. Hata mahakama ikisema mwenzako alipe, kikundi kitamfuata aliyesaini. Ndiyo maana tulilipa madeni yote kwa fedha za korosho kwanza, tukagawana baadaye. Na kwa kuwa ile 400,000 yake ililipwa kwa fedha za wote, 200,000 ilirudi upande wangu.

Nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo, kwa hiyo fundi alithamini jengo na tangi tu, kwa bei ya vifaa ya sasa akitoa uchakavu: 5,200,000. Nilibaki humo na watoto, nikadaiwa nusu, 2,600,000. Ardhi ya shamba la kununua tuliithamini 1,800,000 bila miti, na kwa kuwa alichukua eneo kubwa zaidi, 390,000 ilipungua kwenye deni langu. Ukitoa na ile 200,000, ilibaki 2,010,000. Tuliandika nilipe kwa misimu minne, 502,500 kila Januari. Kumpangia mkulima malipo ya kila mwezi ni kumtafutia kesi ya kukazia hukumu.

Orodha yote, pamoja na mchoro wa miti yenye rangi, iliambatishwa kwenye makubaliano na hakimu akayaingiza kwenye amri yake. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ana siku 45 za kukata rufaa.

Baada ya hapo nilikwenda na nakala ya amri kwa mtendaji wa kijiji, kisha AMCOS, chama cha ushirika tunachouzia korosho. Malipo ya mnada hufuata jina na akaunti iliyosajiliwa. Miti ikiwa yako lakini uanachama ni wa mwenzako, fedha zitaingia kwake. Nilijisajili kwa jina langu na akaunti yangu mwezi Machi, ili pembejeo za msimu nazo zisiandikwe kwa mtu mwingine.