Usiku wa Taarab Ngome Kongwe

Bibi yangu hakuwa mtu wa kutoka usiku, lakini aliposikia kwamba taarab itapigwa Ngome Kongwe, hapo Mji Mkongwe wa Zanzibar, alivaa buibui lake mapema, akataka nimshike mkono tuteremke Forodhani kabla ngazi za mbele hazijajaa watu. Jirani na ngome, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa bado limesimama kamili na mnara wake wa saa.

Tulipokaa, alinionyesha ukuta wa ndani wenye mabaki ya kanisa la Wareno. Waarabu wa Oman waliowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17 ndio walioijenga ngome mahali hapo, nayo baadaye ikawa gereza, kisha karakana ya reli ya Bububu. Ukumbi wa wazi tuliokaa ulijengwa katika miaka ya 1990 tu, lakini umezungukwa na kuta hizo za mawe ya matumbawe, na kwangu mimi hakuna ukumbi mwingine Mji Mkongwe unaoufikia.

Husemwa kwamba ni Barghash huyo huyo aliyeileta taarab kutoka Misri, ikawa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Bibi hakulijali sana hilo. Aliyemjali ni Siti binti Saad, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. “Siti ndiye aliyeitoa kasri, mjukuu wangu, akatuletea uwani,” aliniambia.

Katikati ya wimbo wa tatu umeme ukakatika. Mtu mmoja alimulika jukwaa kwa tochi, nikamwona mpiga ganuni, ala ya nyuzi, akizikaza pete za kukwanyulia vidoleni mwake, kisha akaanza upya, fidla na udi zikamfuata, na mwimbaji akapaza sauti bila kipaza sauti chochote. Kuta zile ziliirudisha sauti yake kwetu waziwazi hata kila neno likasikika ngazi za juu, na wanawake wakaanza kuitikia kiitikio.

Bibi alinyanyuka, akateremka taratibu kwa mwendo wa madaha niliokuwa sijauona kwake, akaenda kumtunza mwimbaji fedha. Umeme uliporudi, kiongozi wa kikundi alifanya ishara kwamba vipaza sauti viachwe hivyo hivyo vimezimwa, wakaendelea hadi ubeti wa mwisho.