Mlima Umepanda Lini?

Mwaka 1998 nilikuwa saidia fundi kwenye gereji bubu moja Iringa. Asubuhi moja mwalimu wa sekondari akatuletea Corolla yake, KE70 yenye injini ya 4K. Ikiwa kwenye mwendo inajikaza, ila ikisimama kwenye silensa, yaani injini inanguruma gari halitembei, ni balaa: inatetemeka, moshi mweusi, petroli inanuka mpaka ndani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, fizikia bado ya moto kichwani. Nikamweleza mwalimu kwamba Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gari lililotegeshwa Dar lazima lizidishe petroli huku. Akatikisa kichwa kukubali. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli ya silensa kwenye kabureta, hadi ikagota. Injini haikujali, ikaendelea kutetemeka vilevile.

Mzee, fundi mkuu wetu, aliweka kikombe cha uji chini.

"Mwalimu, gari unalo hapa tangu lini?"

"Mwaka wa tatu sasa, mzee."

"Na moshi?"

"Wiki mbili."

Akanigeukia. "Kwa hiyo, kijana, mlima umepanda wiki mbili zilizopita?"

Fizikia yangu haikuwa ya uongo, nasema hivyo hadi leo. Lakini jibu nilikuwa nalo mkononi nisilione: skrubu ile ikifungwa yote, injini ilipaswa kuzima. Haikuzima. Basi petroli ilikuwa na njia nyingine ya kuingilia.

Tukafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi tii, masizi matupu. Ingekuwa moja, alisema mzee, tungehangaika na silinda yake. Zikiwa nne, aliyeharibu ni mmoja. Tukazirudisha, tukavua chujio la hewa, tukawasha. Choki, kile kilango kinachobana hewa injini ikiwa baridi, ilikuwa wazi kabisa. Nikamulika tochi kooni mwa kabureta, na pale kwenye nozeli kubwa, ambayo kwenye silensa inatakiwa iwe kavu, tone likavimba, likaanguka. Likaja lingine.

Tulipofungua kabureta, mzee alinipa boya la shaba, lile linaloelea kwenye petroli na kusukuma sindano ifunge njia yake, nilitikise sikioni. Chwa, chwa. Lilikuwa limekunywa petroli, halielei, na sindano haifungi. Mama ntilie wa jirani alikataa katukatu kutoa sufuria yake, akanipa kopo la maziwa lenye maji ya moto. Tukakaa nalo mbali na jiko, tukazamisha boya. Viputo vikatoka sehemu moja, kwenye kiungo, vidogo kama vya soda.

Mzee hakugusa risasi ya kulehemu wala moto mpaka tone la mwisho lilipotoka na boya likakauka. Akaziba kwa risasi kiduchu, maana boya likizidi uzito linazama tena, kisha akakunja kidogo ulimi wa boya, ule unaosukuma sindano, kushusha kina cha petroli. Skrubu niliirudisha mwenyewe, taratibu, hadi silensa ikatulia.

Jioni nikarudisha kopo. Mama ntilie akalinusa, akanirushia. Lilinikata nusu ya posho yangu ya siku ile.