Siku moja maishani mwangu: kutoa aseniki kwenye makinikia, Malindi

Makinikia ni unga wa madini ya shaba uliotenganishwa na mawe; aseniki ni sumu iliyomo. Saa moja asubuhi. Debe la sodiamu salfaidi linafunguliwa kabla joto halijapanda. Hewa ya pwani haipatani nayo: vipande vya manjano vikiachwa wazi hunyonya unyevu mpaka vikawa uji. Vya dukani huwa 60% tu, kwa hivyo kupata gramu 100 halisi kwa lita ya maji, pima 167. Ongeza gramu 50 za kostiki (sodiamu haidroksaidi). Kostiki ndiyo hutiwa majini, si maji kumwagiwa kostiki.

Saa mbili. Gramu 100 za makinikia ya shaba, yaliyosagwa chini ya mikroni 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zinaingia kwenye maji hayo, ndani ya chombo cha chuma cha pua chenye kifuniko. Kioo hakifai, kostiki ya moto hukila. Aseniki imo ndani ya enagaiti, madini ambayo 48% ni shaba na 19% ni aseniki. China haipokei makinikia ya shaba yenye aseniki nyingi. Ndiyo taabu yote hii.

Saa tatu hadi saa saba. Nyuzi 90, kikorogeo hakisimami. Aseniki inayeyuka, shaba inabaki chini kama salfaidi nyeusi. Stima ikipotea, unga unatuama, joto linashuka, na jaribio la siku ndilo hilo limekwenda. Kukiwa na dhahabu, pima na maji ya chomboni pia: nayo huyeyuka kiasi, na wengi huisahau humo.

Saa nane. Chuja kungali moto. Maji yakipoa, fuwele huziba chujio. Osha masalia mara tatu. Usipoosha, kipimo kitakwambia aseniki ingalimo, kumbe ni maji machafu tu.

Saa tisa, pagumu. Asidi ikigusa maji haya hutoka gesi ya mayai viza, nayo ikizidi pua haiisikii tena. Kwa hivyo hidrojeni peroksaidi kwanza, chini ya kabati la kufyonza hewa, kidogo kidogo kwa kuwa hutokota na kufura, mpaka karatasi ya risasi (yenye chumvi ya madini ya risasi, ya kupimia salfaidi) iache kugeuka nyeusi. Ndipo feriki salfeti: gramu 3 za chuma kwa kila gramu ya aseniki, pH (kipimo cha uasidi) ishushwe hadi 4 au 5. Mashapo ya hudhurungi yanashuka. Chokaa peke yake badala ya chuma ni rahisi, lakini kaboni dayoksaidi ya hewani huirudisha aseniki majini.

Saa kumi na moja. Mashapo kwenye pipa lenye alama ya sumu, glavu pipa la pili, debe la salfaidi utepe mara mbili.