Karafuu, makonyo na karatasi ya pili ya Kiingereza

Kaka yangu, aliyenitangulia kidato cha sita, alinipa ushauri mmoja tu: "Chukua vitabu vyembamba, na wala usivisome. Tafuta pamfleti." Yaani kile kijitabu cha muhtasari na majibu. Mie nikamsikia. Nilikuwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Historia na Kiswahili sikuviogopa, ila ile karatasi ya pili ya Kiingereza, ya fasihi, ilikuwa ikininyima usingizi.

Basi nikenda Chake Chake, Pemba, kutoa kopi ya pamfleti ya A Man of the People, riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria. Ilinitoka kama elfu tatu hivi, pamoja na nauli na juisi ya miwa. Umeme ulikuwa unakatika-katika, kijana wa kopi ana haraka, na ukurasa wa mwisho haukutoka. Sikuutambua upungufu. Nilikariri mpaka vituo. Kwenye mtihani wa kumaliza kidato cha tano swali likauliza mwisho wa riwaya unasema nini kuhusu siasa. Mwisho upi? Mie mwisho sina! Nikajitungia: Odili akashinda uchaguzi, Chief Nanga akaomba radhi hadharani, watu wakafurahi. Nusura niwapikie pilau. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kachaguliwa na nani, na wewe?" Kisha akalisomea darasa zima.

Odili, kwa msiomjua, ni mwalimu anayetaka kugombea dhidi ya waziri Nanga; anapigwa kwenye mkutano wa Nanga, anazindukia hospitali, na fomu zake za kugombea hata hazikupokelewa. Serikali inaangushwa na jeshi. Riwaya ilitoka Januari 1966, mwezi ule ule jeshi lilipopindua Nigeria ya kweli. Hilo pamfleti haikulisema.

Nikaazima vitabu vyenyewe. Ikaingia karafuu, na kwetu karafuu haijui nani mwanafunzi. Usiku tunakaa barazani kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vinanuka mpaka asubuhi. Bibi akachoka na ukimya wangu. "Hebu tuhadithie hicho kijitabu chako."

Nilikuwa na An Enemy of the People, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norwei, ya 1882. Nikaanza na hamamu, nyumba za kuogea, neno analolijua, maana Mjini Unguja tuna Hamamni. Daktari Stockmann anagundua maji ya hamamu za mji yana uchafu wa viwanda vya ngozi, na mji mzima unategemea wageni wa hamamu hizo. Ndugu yake ndiye meya. Bibi akasimamisha mikono: "Ni kama mtu aseme bahari ya Nungwi chafu, na sheha ni kaka yake?" Bibi, ndiyo hasa! Akaniuliza mkewe yuko upande gani, nani mwenye kiwanda, na huyo sheha maji hayo anayaoga yeye? Aliposikia daktari karudi kutoka mkutanoni suruali yake nzuri imechanika, akacheka mpaka karafuu zikamwagika.

Asubuhi niliyaandika maswali yake kwa Kiingereza na kuyajibu kabla ya kwenda skuli. Kurasa mbili, tatu, bila kufungua kitabu. Nilipokwama, nilijua hapo sijasoma.

Ayi Kwei Armah wa Ghana, na riwaya yake The Beautyful Ones Are Not Yet Born, ndiye aliyenitesa. Mhusika wake mkuu anaitwa "the man" basi. "Mtu gani hana jina?" Bibi akasinzia. Aliamka pale Koomson, yule waziri, anapotorokea tundu la choo, akacheka, akalala tena. Lakini maswali ya riwaya yalitaka vitabu viwili, sikuweza kumwacha. Nilimsoma mara tatu, peke yangu, kwa hasira. Mashairi niliyasoma tu.

Mei nikaingia chumba cha mtihani wa kidato cha sita, saa tatu za kuandika. Swali moja la tamthilia lilikuwa la Bibi tupu, lile la mke, nikatabasamu mpaka msimamizi akanitazama.

Nilipata B. Nikamkimbilia Bibi jikoni. Akaniuliza, "Na yale mabomba ya hamamu, waliyahamisha?"

Nikamwambia kitabu kinaishia kabla.

"Ah, we! Umekupotea tena ukurasa wa mwisho."