Maharage ya Kibo

Mwaka 2011 ndo nilipanda Kilimanjaro mara ya kwanza, sio kama mgeni, kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani njia ya Marangu. Nilikuwa nimemaliza fomu foo juzi tu na fizikia nilipata C, kwa hiyo nilijiona mjuaji mjuaji. Mpishi akasema tukifika Kibo, ile kambi ya mwisho kabla ya kilele, sisi wagumu tunakula ugali dagaa, nikabisha, dagaa siku mbili mfululizo jamani, mama kanifungia maharage kilo mbili nitapika mwenyewe. Akaniangalia tu. "Haya dogo, pika."

Sasa Kibo ni mita 4,720 na maji hakuna. Maji ya mwisho yako kule chini, mnajaza madumu mnavuka nayo lile jangwa, yaani kila lita pale imebebwa na shingo ya mtu. Nikabandika sufuria saa nane mchana, yakatokota upesi nikafurahi kweli. Saa tisa naonja moja, jiwe. Saa kumi, jiwe lililovaa ganda laini. Nikaongeza moto, mvuke umejaa chumba kizima, maji yanakauka naongeza, yanakauka naongeza, mpaka mgumu mmoja akauliza, "Hayo maji unapikia au unayarudisha mawinguni?" Dumu lilikuwa la kwake.

Mpishi akaja akafunua akacheka. "Dogo, huku maji yanachemka kabla hayajapata moto."

Hapo ndo C yangu ikaniumbua. Nilikariri maji yanachemka nyuzi 100, kile kipande cha "kwenye usawa wa bahari" nikakiruka. Huku juu hewa inayakandamiza kidogo tu kwa hiyo yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi, na yakishafika hapo hata uwashe tanuru hayapandi tena, yanaishia mvuke. Basi tukala ugali dagaa, na mimi nikala kimya kimya.

Usiku wageni wanajiandaa kwenda kileleni, mpishi akanipa chupa zao nijaze, ananiambia zipange kwenye begi kichwa chini. Kwa nini kaka? "Barafu inaanzia juu, we unataka wakafike huko mdomo umeganda?" Na hii nayo ilikuwepo kwenye daftari langu bwana, maji yakipoa chini ya nyuzi 4 yanakuwa mepesi yanapanda, yanagandia huko huko juu. Nilishaijibu kwenye mtihani kabisa, ila chupa sikuwahi kuigeuza.

Mlimani hutupi chakula ovyo, kwa hiyo nikashuka na maharage yangu kwenye mfuko, yameshavimba, kilo mbili zilizopanda nahisi zilishuka kama nne maana yalikunywa maji yote yale ya watu. Kufika nyumbani mama akayabandika, nusu saa yakaiva, halafu ananiuliza nani huyo alikufundisha kupika maharage nusu nusu.