Novemba na watu wasiotajwa

Sisi wa Tanga tukiulizwa habari za Vita Kuu ya Kwanza, tunaanza na nyuki. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zikafika, wakateremsha askari wapatao 8,000, wengi kutoka India, kupambana na kikosi cha Mjerumani cha watu kama 1,000 tu chini ya von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ikatibuliwa, nao wakawatoa watu mbio, na baada ya siku chache Mwingereza akarudi melini akiacha bunduki na risasi. Kisa kitamu. Mimi mwenyewe nawasimulia wageni nikiwapeleka Raskazone.

Lakini siku hizi kinanikera. Nyuki wamepata sifa, wapagazi je?

Maana vita ile haikuishia Tanga. Iliendelea miaka minne, mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na kila gunia la unga na sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Pande zote mbili ziliwachukua vijana vijijini, wengi kwa nguvu. Upande wa Mwingereza peke yake wanatajwa wapagazi kama 95,000 waliokufa, wengi si kwa risasi: malaria, kuhara damu, njaa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakuandikwa majina popote. Imechukua zaidi ya miaka mia kulisema hilo!

Halafu kuna Novemba yetu nyingine. Tarehe hiyo hiyo 2, mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba tutampiga Idi Amin wa Uganda. Baba mkubwa alikwenda akiwa mgambo. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, huwasha redio, husikiliza gwaride, huzima. Ukimuuliza habari za vita ile ya Kagera atakwambia barabara ilikuwa na matope, basi.

Mwenye maneno ni mama mkubwa. Miaka mingi alilala chumba cha watoto kwa sababu mumewe alikuwa akishtuka usiku na kurusha mikono. Hakuna aliyemwambia kwamba huo ni ugonjwa. Majirani walisema amerudi na shetani, wakampeleka kwa waganga, mbuzi wakachinjwa. Na mchana mama mkubwa alikuwa anapanga foleni ya sukari na sabuni. Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18. "Mwanangu," huniambia, "mimi bado nasubiri kuambiwa imekwisha."

Nimeanza kumrekodi kwenye simu. Nilidhani ataanza na siku malori yalipoondoka na vijana. Amekataa. Anataka tuanze na bei ya sukari ya magendo, na nani mtaani alikuwa akiificha uvunguni, kwa majina yao yote.