Mvua, omena na zamu ya chama
Mvua ya alfajiri ya Jumanne iliyopita ilinikuta nimeshaanika ndoo nne za omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, juu ya nyavu pale ufuoni Dunga, Kisumu, na kabla sijamaliza kuwafunika kwa turubai, nusu yao walikuwa wamelowa chepechepe. Omena wa namna hiyo huishia kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kusikitisha. Jua likiwaka vizuri, mzigo kama huo hukauka ifikapo alasiri, nami huupeleka soko la Kibuye Jumapili na kuupima kwa gorogoro, ule mkebe ambao kila mteja hutaka ujazwe hadi ufurike, kisha bado adai nyongeza. Kilichoniokoa ni chama chetu cha akina mama kumi na wawili, ambamo sote huchanga pesa na kila mmoja huzipokea kwa zamu. Zamu yangu haikuwa imefika, lakini mwenzangu mmoja, ambaye watoto wake wameshamaliza shule, alikubali tubadilishane, na karo ya kifunguamimba wangu ikalipwa Ijumaa. Sasa ninaweka akiba kwa ajili ya miezi ya Aprili hadi Julai, ambapo uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane.